Masta ya densi na somatiki: utatoka terapisti au utatoka nani?

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo: "Habari mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa densi, nina digrii ya kwanza ya ualimu, nafundisha watu wazima, wengi umri umeenda na wengine wana stresi za kazi. Nyonga imeanza kunisumbua kwahiyo jukwaani sipandi tena. Nimeona watu wangu wakimaliza kipindi wanatulia, na kuna mmoja huwa analia kabisa tukifanya mazoezi ya chini sakafuni. Sasa nimekutana na masta ya densi na miondoko ya somatiki kwa ajili ya ustawi. Huko wanasoma nini hasa? Nikimaliza nitaruhusiwa kutibu watu wenye msongo na sonona? Na hii ni sayansi kweli au ni kulala tu chini na kupumua?"

Salama dada. Nianze na hilo la kati manake ndilo linalowatia watu hasara: hapana, masta hii ya somatiki, yaani kazi ya kuusikiliza mwili kwa ndani, peke yake haikupi ruhusa ya kumtibu mtu sonona. Itakufanya mwalimu au mwezeshaji wa miondoko anayejua anachokifanya kuliko sasa, na hilo si dogo, ila kutibu ni habari nyingine na ina kozi yake. Shida ni kwamba kozi hizo mbili majina yanakaribiana, matangazo yao yote yana picha ya mtu kafumba macho kainua mikono, na neno uponyaji limejaa kotekote, kwahiyo mtu anajaza fomu ya hii huku kichwani anaiwaza ile, anakuja kushtuka mwaka wa pili ada imeshalipwa.

Ile nyingine inaitwa tiba ya densi na miondoko, na yenyewe ilizaliwa wodini. Marian Chace alikuwa mcheza densi na mwalimu kule Washington, na mwaka 1942 akaanza kufanya kazi St. Elizabeths, hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili, na watu ambao wengine walikuwa hawaongei na mtu. Alichokuwa anafanya ni kuuchukua mwendo wa mgonjwa mwenyewe, mtu anatikisa goti na yeye anamjibu kwa goti, taratibu taratibu mpaka mawasiliano yanapatikana bila neno. Mwaka 1966 chama chao cha Marekani, ADTA, kikaundwa na yeye akawa rais wa kwanza. Leo ukitaka kuingia huko unasoma masta ya tiba yenyewe: saikolojia ya magonjwa, mafunzo kwa vitendo hospitalini au vituoni chini ya msimamizi, na kwenye kozi nyingi wewe mwenyewe lazima uwe na terapisti wako unayekutana naye kipindi chote unasoma. Na hata ukimaliza, sheria zinatofautiana nchi na nchi. Uingereza kwa mfano jina la terapisti wa sanaa, wa muziki na wa maigizo yanalindwa na sheria, mtu akijiita hivyo bila kusajiliwa anafanya kosa, lakini la densi halimo kwenye orodha, wao wanajisajili kwa hiari kwenye chama chao ADMP UK. Kwahiyo kabla ya kitu chochote nenda kaulize kule utakakofanyia kazi ni jina gani linalindwa na nani anatoa usajili, usiridhike na majibu ya chuo maana chuo kinauza kozi.

Sasa hii uliyoiona wewe ina ukoo tofauti. Jina la somatiki lilienezwa na Thomas Hanna, mwanafalsafa wa Marekani, mwaka 1976, na alichokuwa anasisitiza ni mwili kama mwenyewe anavyouhisi kwa ndani, tofauti na mwili kama daktari anavyouona akiwa amesimama pembeni. Ila kazi yenyewe ilikuwepo miaka mingi kabla yake. F. M. Alexander, mwigizaji wa Australia aliyezaliwa 1869, sauti ilikuwa inamkauka akiwa jukwaani, madaktari hawakuona ugonjwa, akajitazama kwenye vioo mpaka akagundua kila akitaka kuongea anavuta kichwa nyuma na kuikandamiza shingo. Moshe Feldenkrais alikuwa injinia na mtu wa judo, goti likamharibikia, akaanza kujichunguza jinsi anavyotembea. Irmgard Bartenieff alitoka Ujerumani akiwa mcheza densi, mwanafunzi wa Rudolf Laban, mtaalamu wa kuchambua mwendo, akafika New York akasomea fiziotherapia na kufanya kazi na wagonjwa wa polio. Bonnie Bainbridge Cohen alikuwa mtu wa tiba ya shughuli (occupational therapy), akafungua shule yake ya Body-Mind Centering mwaka 1973. Wawili wa mwanzo hapo kilichowaingiza kwenye kazi hii ni mwili wao wenyewe uliogoma, kwahiyo nyonga yako isikutie unyonge hata kidogo, kwenye darasa la namna hii mtu mwenye kiungo kinachomsumbua mara nyingi anajifunza haraka kuliko yule ambaye mwili haujawahi kumkatalia kitu.

Vyuoni iliingia baadaye sana, kupitia idara za densi. Chuo Kikuu cha Central Lancashire kule Preston, Uingereza, kiliwahi kuwa na masta yenye jina karibu sawa na hilo ulilolitaja, na tangu 2009 kuna jarida la kitaaluma kabisa, Journal of Dance & Somatic Practices. Hilo jarida litafute, soma makala mbili tatu kabla hujaomba nafasi. Ukiona usingizi unakuja kila ukifika ukurasa wa tatu basi ujue mapema, maana ndo lugha utakayoandikia.

Haya, wanafanya nini huko. Ngoja nikueleze zoezi moja kwa karibu, la Bartenieff, linafundishwa kila mahali kwa sababu ni dogo na linaumbua. Unalala chali, miguu imenyooka, mikono popote ilipotulia. Unakunja vifundo vya miguu kidogo vidole vije kwako, unaviachia, unakunja, unaachia, visigino havitoki sakafuni. Mwili kama haujajifunga popote msukumo ule unapanda, miguu, nyonga, uti wa mgongo, mpaka kichwa kinaanza kuitikia, kidevu kinashuka na kupanda chenyewe bila wewe kukisukuma. Sasa angalia kundi la watu kumi wamelala hivyo: kwa huyu mtikisiko unafika kiunoni unaishia hapo, kwa yule unapita vizuri mpaka kifuani halafu shingo imekaza kama ilivyo, mwingine kichwa kinatikisika kweli lakini ukimwangalia utaona anakitikisa yeye, anataka afaulu zoezi. Huyo wa mwisho ndiye mwenye kazi kubwa na mara nyingi ndiye mcheza densi mzuri kuliko wote mle ndani, kwa sababu amezoea kuonekana. Mwalimu hamwambii amekosea, anamwambia apunguze nusu, halafu apunguze nusu ya hiyo nusu.

Na hapo ndo linapokuja swali lako la kulala chini na kupumua. Ndiyo, mtalala sana. Sababu yake sio kustarehe. Ukiwa umesimama kuna misuli mingi inafanya kazi muda wote kukuzuia usianguke, na katikati ya kelele yote hiyo huwezi kusikia kitu kidogo. Feldenkrais alikuwa anarejea kanuni ya Weber, ya karne ya 19, kwamba ili uhisi tofauti ni lazima hiyo tofauti iwe na ukubwa fulani ukilinganisha na kilichopo tayari: aliyebeba piano hajui kama nzi ametua juu yake. Kwahiyo unapunguza juhudi ili uanze kuhisi vitu vidogo, unavihisi halafu ndo unaweza kuvibadilisha. Zile hisia za viungo viko wapi na vinakwenda wapi zilipewa jina la kisayansi na Charles Sherrington mwaka 1906, na siku hizi watafiti wa ubongo wanashughulika sana na hisia za ndani zaidi, mapigo ya moyo, pumzi, tumbo, na namna zinavyoungana na hisia za furaha na hofu. Hayo yote utayasoma. Utasoma pia anatomia, lakini sio ile ya kukariri majina tu, mnashika mfupa kwenye mfano, mnautafuta mwilini, mnatembea nao.

Kinachowashinda watu sio sakafu, ni kuandika. Watu wengi wanaokuja kutoka kwenye kufundisha densi wanadhani masta hii itakuwa nyepesi kwa kuwa ni ya vitendo, halafu wanakutana na falsafa ya Merleau-Ponty, Mfaransa aliyeandika kuhusu mwili na kuhisi, wiki za mwanzo tu na wanapewa asaimenti ya kuelezea dakika kumi za mwendo kwa kurasa nne. Mwanafunzi analeta: "Nilijisikia huru sana, nilihisi nguvu inapita mwilini, ilikuwa safari nzuri." Mwalimu anakata sentensi yote. Huru namna gani? Wapi? Ilianza lini? Analeta tena: "Nilipogeukia kulia uzito ulihamia ukingo wa nje wa mguu wa kushoto, nikagundua nimebana pumzi, nilipoitoa bega la kulia likashuka kabla sijalishusha." Hiyo ya pili mtu mwingine anaweza kufanya nayo kazi, anaweza kuuliza kitu, anaweza hata kukataa. Ya kwanza utaipenda wewe na mama yako. Kujifunza kutoka ile ya kwanza kwenda hii ya pili inachukua miezi na mi naona hapo ndipo ada yako inapofanya kazi, maana ukishaweza kuona hivyo kwako utaanza kuona hivyo kwa watu wako, na utaacha kuwaambia "tulieni" utawaambia kitu wanachoweza kukifanya.

Mwisho kuna utafiti. Kwa mfumo wa Uingereza masta ni krediti 180, mwaka mmoja ukisoma muda wote au karibu miwili ukisoma huku unafanya kazi, na mara nyingi krediti 60 zinaenda kwenye mradi mmoja mkubwa wa mwisho. Wengi wanafanya utafiti unaotumia mwendo wao wenyewe kama chanzo cha data. Ni halali kabisa, ila uwe na supavisa mkali manake ni rahisi mno kugeuza tasnifu kuwa shajara.

Ushahidi je? Hapa nakuomba uwe makini kuliko watu wengi wa taaluma yetu. Kuna mahali ushahidi uko vizuri na kuna mahali ni mwembamba. Mbinu ya Alexander ilifanyiwa jaribio zito la maumivu ya mgongo ya muda mrefu, likatoka kwenye jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2008, wagonjwa 579 waligawanywa kwa bahati nasibu, na baada ya mwaka waliopata masomo 24 walikuwa wanaripoti takriban siku 3 za maumivu kwa wiki nne, wakati wale wa huduma ya kawaida walikuwa kwenye siku 21. Hiyo ni kubwa. Sonona sasa: mapitio ya Cochrane, taasisi inayokusanya na kupima tafiti za tiba, ya mwaka 2015 kuhusu tiba ya densi kwa sonona yalipata tafiti tatu tu zilizokidhi vigezo, zote pamoja watu 147, na wakasema wazi hauwezi kuhitimisha chochote cha uhakika kwa idadi hiyo. Haina maana haifanyi kazi. Ina maana hatujui kiasi cha kuahidi, na ukimwahidi mtu mwenye sonona kitu usichokijua halafu akaacha dawa zake kwa ajili yako hapo umeingia pabaya.

Na kuna ile ya kwamba densi inazuia kusahau uzeeni, lazima umeiona mitandaoni. Chanzo chake ni utafiti wa mwaka 2003 uliotoka New England Journal of Medicine, wazee 469 waliozidi miaka 75 walifuatiliwa kwa miaka, na kati ya shughuli za viungo zote densi ndiyo iliyoonekana kwenda pamoja na hatari ndogo ya dimenshia. Kwenda pamoja, sio kuzuia. Makadirio yenyewe yalikuwa mapana mno, halafu kuna uwezekano kwamba mtu ambaye ubongo umeanza kuchoka anaacha kwenda kucheza mapema kabla hata hajagundulika. Itumie kama sababu ya kuwaalika wazee wako waje, usiiandike kwenye tangazo kama dawa. Hivo hivo na habari ya Anna Halprin, mcheza densi wa California aliyepata kansa mwaka 1972 na baadaye akawa anafanya densi na wagonjwa wa kansa na wa UKIMWI, wapo wanaoisimulia kana kwamba densi ilimtoa uvimbe. Alifanyiwa upasuaji jamani. Densi ilimsaidia kuishi na kilichompata, na kwangu hilo linatosha kabisa bila kuliongezea chumvi.

Eneo ninaloliona lina faida ya wazi kwa mtu kama wewe ni madarasa ya watu wenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukaza mwendo. Kundi la densi la Mark Morris kule Brooklyn, New York, lilianza mwaka 2001 na mtindo huo umesambaa nchi nyingi. Pale hawaiti tiba, wanaita darasa la densi, mtu anaingia kama mwanafunzi sio kama mgonjwa, na mdundo wa muziki unawasaidia wengi kuanzisha hatua ambayo mguu ulikuwa unaikataa. Mwezeshaji aliyesoma somatiki hapo ni dhahabu, na hahitaji kujiita terapisti.

Sasa yule mwanafunzi wako anayelia. Sidhani unafanya vibaya, kulia kwenye mazoezi ya chini ni jambo la kawaida, mtu amekaza wiki nzima leo kaachia. Lakini usilichukulie kama ushahidi kwamba unamponya, na usimchokonoe. Usimuulize "ni nini kimekupata" mbele za watu. Mpe uhuru wa kufungua macho, kukaa, kuegemea ukuta, kutoka nje na kurudi bila kuulizwa. Kwa watu waliopitia mambo mazito, ile "fumba macho usikilize mwili wako" ambayo sisi tunaiona tamu inaweza kuwa mlango wa hofu kabisa, moyo unaenda mbio, anausikia unaenda mbio, hofu inazidi, kwahiyo maelekezo yako yawe na njia ya kutoka siku zote: macho wazi ukitaka, angalia kitu kimoja chumbani, sikiliza nyayo zako badala ya kifua. Na kugusa, uliza kila mara, hata kama wiki jana alikubali. Kozi nzuri itakufundisha haya kwa undani na itakupa mtu mzoefu wa kuzungumza naye kuhusu kesi kama hiyo. Kwa sasa, akilia kila wiki na nje ya darasa pia hali sio nzuri, mwambie pembeni kwa upole kwamba kuna watu wanaoshughulika na hayo, na uwe na jina la mmoja mkononi.

Kuchagua kozi. Waulize saa ngapi za vitendo ana kwa ana, maana kuna kozi zimehamia onlaini karibu zote na kusoma kugusa kupitia skrini haiwezekani, theoria sawa. Waulize kama kuna mafunzo kazini na nani anasimamia. Waulize walimu wenyewe wamefuzu wapi, kwa sababu kuwa na PhD ya densi sio sawa na kuwa umefundishwa mbinu mojawapo mpaka mwisho. Halafu hili watu hawaulizi: je, masomo yanahesabika ISMETA? Hicho ni chama cha kimataifa cha walimu na materapisti wa miondoko ya somatiki, kipo tangu 1988, na ili usajiliwe nacho wanataka walau saa 500 za mafunzo pamoja na uzoefu wa kazi. Usajili wao sio leseni ya serikali, ila unaonekana, na kuna maadili umeyasaini ambayo mteja anaweza kukushikia. Masta ya kinadharia tupu inaweza isikufikishe kwenye saa hizo, utalazimika kulipa tena mafunzo mengine pembeni.

Ajira usidanganywe. Matangazo ya kazi yenye jina la somatiki ni ya kuhesabu. Waliosoma hii ninaowaona wanaishi vizuri ni wale waliokuwa na kitu tayari, mwalimu, nesi, mtu wa fizio, mwalimu wa yoga mwenye wanafunzi wake, wakaiongeza juu. Wewe una ualimu na una darasa linalokuja kila wiki, kwahiyo ushauri wangu ni usome huku unafundisha hata kama itachukua muda mrefu, unachojifunza Jumatano unakijaribu Alhamisi. Ila kama ukikaa ukajiuliza kwa ukweli unaona moyo wako uko kwa wenye sonona hasa, unataka ukae na mmoja mmoja, usikie historia yake, ufanye kazi na daktari wake, basi acha hii nenda kwenye tiba ya densi na miondoko moja kwa moja, itakuwa ndefu na ghali zaidi na utapangiwa mpaka terapisti wako mwenyewe, lakini usije ukazunguka.

Kuhusu kama unahitaji kuwa mcheza densi hodari, hapana. Baadhi ya kozi zinaita waombaji kwa warsha badala ya intavyuu ya mezani, mnafanya mazoezi pamoja halafu mnaongea au mnaandika, na wanachotafuta ni namna unavyoangalia na unavyoeleza. Hiyo nyonga waandikie mapema kabla ya siku yenyewe ili wakupangie mazoezi, na ukifika usijikaze kuificha.